Sauti Iliyotoka Mwambani

Nimestaafu kabla ya kufika arobaini. Neno rasmi ni kupunguzwa, neno ambalo zamani nililisikia kwa kinyozi tu. Kituo cha walimu nilichokuwa nikikifanyia kazi kimefungwa, jengo limekodishwa kwa mtu anayeuza matairi yaliyotumika, na sisi tuliokuwa tukizunguka na makasha ya vifaa katika shule za msingi za Mwanza tumeshikwa mkono wa kwaheri. Ninyi walimu vijana mnaoendelea mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifundisha somo la sauti. Nitawaandikia. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa vyeo vilikuwa vichache na mishahara mnaijua.

Nilifika Mwanza na shahada ya fizikia na ualimu, na dharau kidogo. Nilizaliwa ng'ambo ya ziwa, Bukoba, nikasomea Dar es Salaam, na nilikuwa nimeshaamua kwamba hakuna jambo nitakalolikubali kwa sababu tu limesemwa na mkubwa. Niliwahoji wahadhiri, nikawahoji mapadri, nikamhoji baba yangu mpaka akaacha kuniandikia. Mwalimu Felista, mratibu wa kituo, mama wa Kisukuma aliyekuwa amefundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi kuliko umri wangu, alinisikiliza siku ya kwanza nikiuchambua mtaala mzima, halafu akasema, "Vizuri. Kesho utafundisha Buhongwa. Mimi nitakaa nyuma."

Darasa la tano la Buhongwa lilikuwa na watoto karibu mia. Waliobahatika walibanana kwenye madawati, waliobaki walikaa sakafuni. Niliandika ubaoni: Sauti ni mtetemo. Wakasoma kwa pamoja mpaka mabati yakaitika.

"Mtetemo ni nini?" nikauliza.

"Sautiii!"

"Na sauti ni nini?"

"Mtetemooo!"

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka saa ya kwenda nyumbani, na mkaguzi angeandika kwamba darasa ni changamfu. Mwalimu Felista alikuja mbele bila kunitazama. "Kila mtu ashike koo lake. Hivi. Sasa semeni mmmm." Darasa likanguruma. "Acheni. Haya, tena. Vidole vimesikia nini?"

Mtoto mmoja wa sakafuni akasema, "Kuna nyuki humu, mwalimu."

"Hao nyuki ndio tunaowatafuta leo," akasema Mwalimu Felista, na darasa zima likaanza kuwatafuta nyuki kwenye koo, kwenye kifua, kwenye mfupa wa pua ya jirani.

Tulipokuwa tukirudi aliniambia, "Umewapa jina la kitu kabla ya kuwapa kitu chenyewe." Nikamjibu kwamba hiyo ni nadharia, na nadharia inahitaji ushahidi. "Nyuki umewasikia au hukuwasikia?" akauliza.

Kwa miaka iliyofuata tulibishana kila siku, na vifaa vilizaliwa katika mabishano hayo. Yeye alishikilia kwamba tusibebe darasani kitu ambacho mtoto hawezi kukipata kwao, kwani atadhani sayansi inaishi mjini. Mimi nilitaka kengele za umeme. Yeye alishinda, hasa kwa sababu shule hazikuwa na umeme. Tulikata makopo ya maziwa ya unga pande zote mbili, tukavuta juu yake kipande cha tyubu ya baiskeli kama ngozi ya ngoma, tukanyunyiza ulezi. Mtoto akipiga kelele karibu, ulezi unacheza. Tumieni ulezi, msitumie mchele. Mchele ni mzito, na mwezi wa njaa utaondoka na watoto. Simu ya vibati tuliitengeneza kwa uzi wa nyavu za sangara, ambao pwani yote ya ziwa haikosi. Uzi lazima ukazwe. Mmoja akiulegeza, hamsikiani, na watoto wa Nyamagana wanapiga kelele kwamba mwenzao hajalipa bili. Kusikia ndani ya maji tulifanyia kwenye beseni, kwa kugonganisha mawe mawili huku mtoto amelaza sikio majini. Ziwa liko karibu, najua. Kichocho nacho kiko karibu.

Lakini tulikuwa tukifanya kazi roho mkononi. Somo la sauti ndilo somo pekee ambalo likifundishwa vizuri linafanana na fujo. Walimu wakuu walisimama mlangoni wakitutazama kama watu waliovamiwa. Mmoja wa mjini alinivuta kando: "Mwalimu, hili ni darasa au ngoma ya mavuno?" Wazazi nao walikuwa wameanza kulipia tuisheni, na mwenye kulipa hataki nyuki, anataka majibu ya mtihani wa darasa la saba. Kila tulipotoka shule moja, hatukujua kama tutaruhusiwa kurudi.

Sasa nifike kwenye shule moja iliyo kati ya Kisesa na ziwa. Sitaitaja jina. Imekaa bondeni. Upande mmoja kuna kilima kirefu chenye vichaka, na nyuma ya kilima hicho ndiko kiliko kijiji na mashamba ya pamba. Upande wa ziwa yanasimama yale mawe makubwa ya Usukuma, na moja kati yake ni ukuta mtupu, mpana, mrefu kuliko ghorofa yoyote ya mjini. Ukiwa shuleni unauona mwamba huo. Ukiwa kwenye pamba unauona pia. Lakini shule na pamba havionani, kilima kimekaa katikati. Naeleza hivi kwa makini kwa sababu mpangilio huo ulikaribia kumuua mtu.

Mwalimu Felista alikuwa na homa, nikaenda peke yangu. Mwalimu mkuu, Mwalimu Masalu, alinipokea kwa "Karibu sana, mtaalamu," kwa sauti ya mtu anayemkaribisha bwana afya wa vyoo. Nikawatoa watoto nje. Siku hiyo tulikuwa tunatafuta sauti ipi inafika mbali zaidi. Kundi moja lilisimama mwisho wa uwanja na kuinua mikono kila liliposikia. Kila baada ya jaribio lilisogea mbali zaidi. Makofi yakafa mapema. Filimbi ya bua la mpapai ikaenda, ikachoka. Debe likaenda mbali kidogo.

"Nani anajua sauti inayofika mbali kuliko hizi zote?" nikauliza.

Walitazamana. Kisha msichana mwembamba aliyeitwa Kabula, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi, akainua mkono.

"Mimi naijua, mwalimu."

"Haya, ipige."

"Niipige kweli?"

"Kweli."

"Yote?"

"Yote, Kabula!"

Akafumba macho, akaweka viganja kando ya mdomo, akaachia ukelele mwembamba, mkali, unaopanda na kukatika, unaopanda na kukatika. Ulipokwisha, mwamba ukaurudisha wote, wazi, kama kuna Kabula mwingine kule. Nilifurahi mno. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema, "Mmeusikia mwangwi?" ndipo nikaona watoto hawafurahi. Walikuwa wamesimama wima. Mwalimu Masalu alitoka ofisini mbio, mguu mmoja una kiatu, mwingine hauna.

"Nani amepiga mwano?"

Kwa wale mtakaopangiwa huku mkitokea mikoa mingine: mwano ni ukelele wa hatari. Ng'ombe wameibwa, nyumba imevamiwa, mtu anakatwa mapanga. Anayeusikia anaupokea na kuupeleka mbele, na kila mwanamume anaacha alichoshika na kutoka na upinde au rungu. Hiyo ni kazi ya sungusungu, na asiyetoka anatozwa faini. Hakuna anayeuliza maswali kwanza. Maswali huja baadaye, yakibahatika kumkuta wa kuulizwa bado anapumua. Mimi, mtu wa Bukoba, nilikuwa nimelisikia neno hilo, sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia. Niliomba sauti inayofika mbali kuliko zote, na Kabula alinijibu kwa usahihi ambao sijawahi kuupata kwa mwanafunzi mwingine.

"Watakuja hapa," nikasema. "Tutawaeleza."

Mwalimu Masalu aliinua mkono ninyamaze. Ng'ambo ya kilima mwano ulikuwa umepokelewa, koo moja, halafu jingine, halafu mengi, na kwa mbali zaidi kijiji cha pili kilikuwa kinaitika. Lakini hakuna aliyekuwa akishuka kuja shuleni. Kelele zilikuwa zinakwenda kando, kuelekea ziwani.

"Wanakwenda mwambani," akasema. "Wameusikia mwambani." Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, pasiwe na mtu kule."

Tulikimbia kuzunguka kilima. Kabula alitufuata, nami sikuwa na pumzi ya kumrudisha.

Palikuwa na mtu. Walikuwa wameshamtoa mwambani na kumleta hadi ukingo wa shamba walikokuwa wakipalilia. Alikaa chini, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya katani, shati limechanika, damu ikimtiririka nyuma ya sikio. Kando yake kulikuwa na baiskeli na gunia lililomwagwa: sprokete, bomba la moshi wa gari, na ulimi wa plau. Siku hizo biashara ya vyuma chakavu ndiyo kwanza imepamba moto, na kila mnunuzi alihesabiwa mwizi mpaka ijulikane vinginevyo. Plau ndiyo iliyomponza zaidi. Plau ni mali ya mkulima. Haizunguki nchi kwenye gunia.

"Naitwa Rashidi, jamani, natoka Nyamagana, nanunua vyuma," alikuwa akirudia. "Nimekaa kwenye kivuli cha jiwe nile muhogo wangu. Ukelele nimeusikia kama mlivyousikia ninyi."

"Umeusikia wapi?"

"Kule bondeni."

"Bondeni!" Walicheka, kicheko kisicho na furaha. Mwanamume mmoja mrefu mwenye rungu, waliyemwita Ngasa, alimsukuma kwa mguu. "Sisi sote tumeusikia kwako, wewe peke yako umeusikia bondeni. Nani alikuwa anapiga kelele kule? Umemfanya nini? Umemficha wapi?"

Hapo nikaelewa. Hawakuwa wakimdai plau tu. Walikuwa wakimdai mtu aliyepiga mwano, ambaye hawakumkuta mwambani, na ambaye waliamini maiti yake iko kati ya mawe.

Kamanda wao alikuwa mzee mfupi aliyeitwa Luhende, amevaa koti la suti la mtumba juu ya kaptura, filimbi shingoni.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mayu," akajibu, yaani mama kwa Kisukuma. "Kaa pembeni, hii si kazi yako."

"Mwano umepigwa shuleni, mzee. Na mwanafunzi wangu. Lilikuwa somo."

"Somo la mwano?"

"Somo la sauti."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Bukoba."

"Eh," akasema Ngasa. "Mgeni anamtetea mgeni."

Kamanda akainua mkono, wakanyamaza. "Mayu, tulikuwa hapa shamba zima tunapalilia. Sote, wazee kwa vijana, tumesikia mwano unatoka pale." Akaonyesha mwamba. "Tumekimbia pale, tumemkuta huyu. Sasa unatuambia masikio yetu sote ni mabovu, ya kwako ndiyo mazima kwa kuwa yamesoma?"

"Masikio yenu ni mazima. Sauti imegonga mwamba, ikaruka ikaja kwenu. Ile ya moja kwa moja imezuiwa na kilima."

"Kwa hiyo mwamba ndio mwongo."

"Naweza kuwaonyesha."

Alitazama njia inayotoka vijiji vya jirani. Vumbi lilikuwa limeshaanza kuinuka. "Wale wakifika watakuwa wengi kuliko wangu," akasema polepole, "na si watu wangu. Sitaweza kuwazuia. Onyesha haraka."

Kuna mchezo tuliokuwa tukiucheza na darasa la tatu: watoto wanafumba macho, mmoja anapiga makofi mahali fulani, wengine wanaonyesha kwa kidole alipo. Niliwaambia wanaume wale wafumbe macho. Wengine walicheka, wengine wakakataa kufumba macho karibu na mwizi. Kamanda akafumba yake kwanza, nao wakafuata, pinde mabegani, kama watoto wanaosubiri sala ya chakula. Kabla ya hapo alikuwa ametuma vijana wawili wakakae mwambani, ili nisiweke mtu wa kuwahadaa kule, na wengine wawili waende shuleni na Mwalimu Masalu kushuhudia. Niliwaambia wakifika wapige ngoma ya mchakamchaka. Ngoma ndiyo iliyokuwa sauti kubwa kuliko zote shuleni, na nilitaka kubwa.

Tulisubiri. Rashidi alikuwa ananitazama mimi tu. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuamka na majani ya pamba yalikuwa yakisuguana, na nilikuwa nikiyachukia.

Du. Du. Du.

Vidole vikanyooka. Vyote vilielekea juu ya kilima, sawasawa na shule ilipo. Hata kimoja hakikuelekea mwambani.

Kamanda alifumbua macho, akatazama vidole vya watu wake, kisha akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. "Mayu," akasema, "naona masikio yetu hayana kasoro. Ngoma imepigwa shuleni, tumeisikia shuleni. Ingekuwa mwano umepigwa shuleni, tungeusikia shuleni."

Hoja yake haikuwa na tundu hata moja. Ningekuwa mimi kamanda ningesema hivyohivyo. Ngasa aliinama akamshika Rashidi ukosi, na Rashidi akaanza kusoma dua, midomo ikitembea bila sauti. Wa kwanza kutoka kijiji jirani walikuwa wameshafika ukingoni mwa pamba, wanahema, wanauliza mwizi ndiye yupi.

"Mwalimu," Kabula alisema nyuma yangu.

"Nyamaza, Kabula."

"Lakini mimi sikupiga ngoma."

Mwalimu Felista alikuwa akinisumbua kwa sheria moja tangu siku nilipoanza kazi: ukijaribu kitu, badilisha kimoja tu, vingine viache kama vilivyokuwa. Niliona ni sheria ya kuwatunza watoto wasivunje vyombo. Ngoma ina sauti nene, na sauti nene hupinda. Inapanda kilima na kuteremka upande wa pili kama ng'ombe anayejua njia ya nyumbani. Sauti nyembamba haijui kupinda. Kilima kinaikata, na inayofika kwenye pamba ni ile iliyopita juu ya bonde, ikagonga mwamba, ikarudi. Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni na kuyajibia mtihani. Nilikuwa nimewaletea watu hawa sauti isiyo yenyewe.

"Mzee Luhende," nikasema, "tumekosea sauti. Aliyepiga ni huyu. Apige yeye."

Watu wakamgeukia Kabula. Mwano wa uongo una adhabu, na kila aliyekuwa pale aliijua, Kabula akiwemo. Kamanda akamwinamia. "Ni wewe?"

"Ndiyo, babu."

"Ulimwona mwizi?"

"Hapana, babu. Mwalimu aliuliza sauti inayofika mbali."

Mtu mmoja akaguna, nusu kicheko. Kamanda akanyoosha mgongo. "Mwano haupigwi mara ya pili. Ukipigwa tena utafika Magu, na mimi sitakuwa na la kuwaambia watu wa Magu."

"Nipige vigelegele," akasema Kabula. "Vinatoka palepale kooni."

Kamanda alifikiri, huku nyuma yake wageni wakizidi kufika na Ngasa hajauachia ukosi. Mwishowe akasema, "Vigelegele havijamwitia mtu rungu bado. Kimbia."

Akapuliza filimbi. Akawaambia waliofika wakae chini, wafumbe macho, na atakayefumbua atalipa. Baadhi walikuwa hawajui hata wamefumbia nini. Watoto mia wa Buhongwa hawakuwahi kunitii vile. Mimi peke yangu nilibaki macho wazi, mimi na Rashidi, tukitazamana juu ya vichwa vya watu wenye mishale. Sikuwa na hakika. Nataka mlijue hilo, maana watu wakisimulia kisa hiki hunipa uhakika ambao sikuwa nao. Upepo ulikuwa umebadilika tangu asubuhi. Kabula alikuwa amekimbia, huenda hana pumzi. Jaribio lililofaulu mara moja bila kutarajiwa lina kila sababu ya kushindwa mara ya pili likitarajiwa.

Vikaja. Vyembamba, vikali, vinazunguka, vikatoka usoni mwa mwamba kana kwamba kuna harusi ndani ya jiwe.

Vidole vikanyooka, na safari hii havikunyooka kwa pamoja, vilinyooka kimoja kimoja, kwa kusita, kama vya watu wasiotaka kuona vinakoelekea. Vyote mwambani. Kamanda alifumbua macho akakuta kidole chake mwenyewe kinalisonta jiwe. Aliweka viganja mdomoni akawaita vijana aliowaweka kule: "Kuna mtu hapo?"

"Hakuna!" wakajibu. "Vimepigwa bondeni! Kule shuleni!"

Na mikono yao, tuliiona kutoka pambani, ilikuwa inaonyesha bondeni.

Kamba ya Rashidi ilikatwa. Hakumshukuru mtu yeyote, na sioni kwa nini angeshukuru. Alikusanya vyuma vyake gunia zima, ukiwemo ule ulimi wa plau, akasukuma baiskeli kuelekea Kisesa, gurudumu la mbele limepinda. Kamanda akatangaza kwamba mwano bila mwizi unalipwa mbuzi, na shule ndiyo italipa. Mwalimu Masalu, ambaye alikuwa amerudi anatweta na viatu vyote viwili, akasema shule haina mbuzi. "Ina mwalimu," akasema kamanda, na hapo ndipo watu walipocheka kicheko cha kweli kwa mara ya kwanza. Waliagiza Kabula, aliyebaki shuleni, apige tena na tena. Wanaume wazima walifumba macho na kusonta mwamba, wanasukumana, wanabishana.

Basi, kwa upande wa kazi, mafunzo ni machache. Kabla hujatoa darasa nje, nenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kamanda wa sungusungu, uwaambie utapiga kelele gani na saa ngapi. Panda kilima ujue sauti itapita wapi. Mtoto akikuuliza mara mbili kama afanye kweli, acha unachofanya umuulize kwa nini. Nilimweleza Mwalimu Felista haya yote alipopona, akacheka mpaka akakohoa, halafu akaandika tufundishe somo la mwangwi katika shule zote zenye mawe. Nililifundisha mpaka walipotufunga.

Kuna jambo moja sikumweleza. Siku ile pambani, watu walipokuwa wakicheza na vigelegele, Ngasa hakucheza. Alikuja akasimama karibu nami, rungu limelala begani.

"Mwalimu. Mtu akiwa pale mwambani, mwano ukapigwa bondeni, yeye atausikia unatoka wapi?"

"Bondeni."

"Na sisi huku?"

"Mwambani."

"Kila mara?"

"Ukipigwa na mwanamke au mtoto, mara nyingi itakuwa hivyo."

"Hata usiku?"

"Usiku zaidi."

Aliwatazama wenzake. "Mwaka juzi," akasema, "tulimkuta mtu pale. Alisema hivyohivyo. Bondeni, bondeni."

"Alikuwa mtu wa wapi?" nikauliza.

"Hatukumuuliza."